Sahani ya Watu Watatu

Mwenzenu niliipika sahani.

Naanza na hilo ili mcheke mmalize, maana tangu nirudi kila apitaye uani kwangu anauliza, "Bwana Kizingiti, ni kweli ulifika Vugiri?" Jina hilo mlinipa ninyi wenyewe, kwa kuwa tangu nimalize shule sijavuka kizingiti changu ila kwenda barazani kuandika kesi za watu na kurudi kula. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kaeni, nisimulie mara moja.

Mvuke na jiwe

Sahani ninayosema si ya kulia wali. Ni ya gramafoni, ile nyeusi ya muziki. Mwenyewe ni Bi Zaina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na ndani yake yumo kaka yake, Athumani, anapuliza tarumbeta. Athumani alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, akafundishwa kupuliza ili awaamshe askari alfajiri. Vita vilipokwisha akabaki Nairobi, akapiga muziki wa jazi na wenziwe wawili, mmoja wa gitaa na mmoja wa ngoma. Wakatoa sahani moja tu. Kisha kifua kikamwondoa, akazikwa huko huko.

Bi Zaina hana gramafoni, mimi ninayo. Kwa hiyo sahani ilikuwa ikilala kwangu, na kila Ijumaa alasiri anakuja na mkeka wake, anamsikiliza kaka yake upande huu na upande ule, anakunja mkeka, anakwenda zake. Kuna mahali katikati ya wimbo tarumbeta inapanda juu kabisa, halafu inasikika sauti ya mtu: "Haa!" Hapo Bi Zaina huinua kidole. "Umemsikia? Kaka huyo. Hata kucheka alikuwa akicheka hivyo."

Sasa, Ijumaa moja niliisahau dirishani. Jua la Handeni mnalijua. Nilipoikuta kesho yake ilikuwa imejikunja kama kikaango. Mtu mwenye akili angekaa kimya akatafuta fundi. Mimi nimesoma sekondari. Nikakumbuka kwamba kilicholainishwa na joto hunyooshwa na joto. Makande ya mke wangu yalikuwa jikoni yanachemka. Nikaishika sahani juu ya mvuke, nikaona kweli inalegea, nikafurahi kama mvumbuzi. Nikailaza juu ya jiwe la kusagia, nikaweka jiwe jingine juu yake.

Tak.

Nilikuwa bado natazama vipande nilipomsikia Bi Zaina akipiga hodi mlangoni. Nikavikalia.

"Jirani, nina habari njema," akasema. "Mama amekubali."

Mama yake yuko kijijini, mtu mzima sana. Miaka yote alikataa kuja kumsikiliza mwanawe, akisema sauti ya mtu bila mtu ni sauti ya pepo. Sasa amebadili mawazo.

"Anasema macho yamekwisha kwenda, anataka kumsikia Athumani kabla masikio nayo hayajafuata. Atakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Mbona umekaa hivyo? Una jipu?"

"Mgongo," nikasema. "Alhamdulillahi, Bi Zaina. Habari njema kweli."

Alipoondoka nikamkimbilia Mhina, dereva wa lori la mahindi, aliyekuwa akienda Korogwe. Sikutaka maneno mengi yasije yakamfikia Bi Zaina. Nikamwambia, "Mhina ndugu yangu, pita madukani unitafutie sahani ya watu watatu. Ya jazi."

Akarudi baada ya siku mbili, anatabasamu tangu barabarani, amebeba sinia la bati lenye maua mekundu, pana kama gurudumu la baiskeli.

"Nimezunguka sana," akasema. "Umesema ya watatu, lakini hili hata wanne wanajaa. Na linajazika kweli, si umesema ya kujazia?"

Mke wangu alilitazama sinia, akanitazama mimi, akatazama vipande nilivyovificha nyuma ya gunia. "Baba Salimu," akasema, "safari hii nenda mwenyewe. Na hilo sinia ulirudishe dukani."

Handeni hadi Sindeni

Lori la Mhina liliondoka asubuhi. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, sinia mapajani, pamoja na watu waliokuwa wakienda kutafuta kazi ya mkonge. Nilikuwa nimebeba mto wangu wa kulalia. Ndiyo, chekeni. Mto huo ulinyakuliwa na taniboi wa Mhina kabla hatujafika mbali, akauweka chini ya injini alipokuwa akilala chali kuitengeneza. Hakuna aliyeuona tena ukiwa mweupe.

Injini ilikufa karibu na Sindeni. Mhina akaifunua, akaiita majina mabaya kwa Kizigua, akaifunika. Tukashuka. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo. Aliliona sinia, akaacha mihogo.

"Harusi ya nani?" akauliza.

"Hakuna harusi, mama. Nafuata sahani Korogwe."

"Si hiyo unayo?"

"Hii siyo. Natafuta ya watu watatu."

Akanihesabia kwa kidole: mimi, Mhina, taniboi. "Mbona mko watatu na sahani mnayo? Au mnachokosa ni chakula?"

Kabla sijaeleza, akalitwaa sinia, akarudi nalo lina kilima cha bada, ugali wa muhogo, na kambale wa kukausha katikati. Tulikula si watatu, tulikula lori zima. Mama yule akasimama pembeni akitazama, halafu akasema ameelewa: mimi ni mtu ninayezunguka na sinia tupu ili watu wanionee huruma, na kwamba katika maisha yake hajapata kuona omba omba mwenye shati safi kama lile. Nilitaka kukana, lakini nilikuwa na bada mdomoni.

Lori lilipona lenyewe, kama mtoto aliyesusa. Korogwe tukaingia jioni, tukalala kwa binamu yake Mhina, na mimi nikaweka kichwa juu ya sinia kwa kukosa mto.

Korogwe

Duka alilonunua Mhina lilikuwa la Bwana Ramji, Mhindi mnene wa sauti ndogo, anayeuza vyombo upande wa kulia na sahani za gramafoni upande wa kushoto. Nilimwekea sinia mezani.

"Hili lilinunuliwa kwa makosa," nikasema.

"Nalikumbuka," akajibu. "Dereva alisema anataka sahani ya watu watatu. Mimi nikamwuliza, bwana, ya kula au ya kusikiliza? Akanicheka. Akasema, 'Bwana Ramji, tangu lini watu watatu wakazunguka sahani wakaisikiliza?' Sasa mimi nibishane na mteja?"

"Basi lirudishe."

Akaligeuza, akalinusa. "Lina kambale. Limeshakula safari, hili si langu tena."

Nilipomweleza nilichokuwa nikitafuta, uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyetajiwa ndugu mwenye matatizo. Akainama chini ya meza akatoa kasha lenye vumbi. "Watatu watatu wote wamo humu," akasema. "Hakuna anayewanunua. Wateja wanataka bendi nzima. Wanaona picha ya watu watatu wananiuliza, Bwana Ramji, wengine wameumwa?"

Akanipigia. Ya kwanza ilikuwa ya bwana wa saksafoni kutoka kusini, na gitaa, na mtu wa kusugua ngoma kwa brashi. Nilitazamia kuvumilia tu, lakini nikajikuta nimeinama kwenye gramafoni. Katika bendi kubwa mpulizaji akikosa pumzi wenzake humfunika, kama mimi ninavyokariri nyuma ya watu msikitini. Kwenye watatu hakuna pa kujificha. Bwana yule wa saksafoni alipotaka kupumua, ilibidi apumue mbele zetu sote, na gitaa likasimama likamngoja kama mke anayemngoja mumewe avae viatu. Ya pili iliongozwa na klarineti, nyembamba, ya kulalamika. Mteja mmoja aliyekuja kununua chumvi akauliza nani kafiwa. Ya tatu ilikuwa ya tromboni, na huyo nilimpenda kwa sababu alipuliza kama mtu mvivu, anafika kwenye kila noti amechelewa kidogo, na akifika unaona kweli hakukuwa na haraka. Kama mimi.

Lakini Athumani hakuwamo.

"Huyo wa tarumbeta?" Bwana Ramji akajikuna. "Huyo mimi nililazimishwa kumwagiza. Mpiga ngoma wake ni mtu wa milimani, Shemdoe, yuko Vugiri kwenye chai. Alikuja hapa kila siku ya soko mpaka nikachoka. Nikaagiza kasha dogo. Moja aliichukua dada mmoja wa Handeni, analia hapo hapo uliposimama. Zilizobaki hazikwenda, akazibeba Shemdoe mwenyewe. Kama kuna sahani hiyo nchi hii, iko kwake."

"Vugiri ni mbali?"

"Si mbali," akasema, akalitazama tumbo langu. "Ni juu."

Makuyuni, na kupanda

Nilipanda gari moshi hadi Makuyuni. Lilichelewa kuondoka, na sababu niliambiwa tatu tofauti na watu watatu tofauti, wote wakiwa na uhakika. Kwenye behewa nililiweka sinia kati ya miguu, na kila muuza ndizi aliyepita dirishani alidhani mimi ni mchuuzi mwenzake akaniuliza bei.

Kutoka Makuyuni ni kupanda kwa miguu. Sitawadanganya: nilikaa chini mara nyingi kuliko nilivyosimama. Akina mama wa Kishambaa walinipita wakiwa na mizigo ya kuni kichwani, wakazungumza bila kuhema, na mmoja aliponiona nimelala kando ya njia alinisalimu kwa Kishambaa, mimi nikajibu kwa Kizigua, tukakutana kwenye Kiswahili.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimetoka Handeni."

"Aa," akasema, kama kwamba ndio ugonjwa wenyewe.

Halafu mvua. Baridi yake si ya kusimuliwa kwa mtu wa bondeni. Sikuwa na koti wala mwavuli, nikavaa sinia kichwani. Matone yalilipiga kwa kelele nikawa sisikii hata mawazo yangu, na yaliyosikika yalikuwa haya: Ijumaa i karibu, yule mama mzazi amekwisha kuondoka kijijini kwake labda, anakuja kumsikia mwanawe, na mwanawe nimemsaga kwenye jiwe. Hapo miguu ikapata nguvu kidogo.

Nyumba ya Shemdoe nilionyeshwa na watu waliokuwa wakitoka kuchuma chai. Alikuwa amesimama mlangoni, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ananitazama nikija. Hakunisalimu. Alisema, "Hilo sinia lina sauti nzuri. Lete."

Akalichukua kichwani pangu, akalifuta, akaketi nalo kwenye kigoda. Vidole vikaanza kutembea. Mwanzoni nilidhani anacheza tu. Kisha meno yakaacha kunigongana, maana nilikuwa naujua mdundo ule. Niliusikia kila Ijumaa. Akapiga mpaka mahali pale tarumbeta inapopanda, akarudisha kichwa nyuma: "Haa!"

"Hiyo sauti," nikasema. "Hiyo ni ya Athumani."

"Ya Athumani?" Akaacha kupiga. "Ni yangu hiyo! Wewe umemwona wapi mtu amejaza tarumbeta mdomoni na papo hapo anasema haa?"

Ndugu zangu, miaka yote hiyo, na sekondari yangu, sikupata kujiuliza.

Akanieleza wakati mkewe ananipashia ndizi na maharage, na chai ya moto iliyonirudisha duniani. Siku ya kurekodi, tarumbeta ilikuwa na nguvu kupita mashine, kwa hiyo Athumani aliwekwa mlangoni, amegeuka nje. Gitaa likawekwa karibu. Na Shemdoe akakalishwa juu ya blanketi, akaambiwa kazi yake ni kupiga na kunyamaza. "Nilinyamaza," akasema. "Lakini alipofika pale juu, nikasahau. Alipuliza vile kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Ungekuwepo ungesema haa na wewe. Yule mkubwa wa mashine alikasirika, lakini hakutaka kuharibu sahani nyingine kwa ajili yetu. Halafu karatasi ya katikati wakaandika nini? Jina la Athumani, 'na wenzake'. Wenzake! Mimi jina langu ni Wenzake?"

Nikamweleza shida yangu yote, kuanzia dirishani hadi jiwe. Alicheka mpaka mkewe akaja kuona kuna nini, naye akaelezwa, nikachekwa upya. Lakini nilipofika kwenye habari za mama yake Athumani, akaacha kucheka.

"Yu hai?" akauliza. "Athumani alikuwa akimtaja. Alisema mama akimsikia akipuliza atamwambia apunguze kelele."

Akaingia ndani, akatoa sahani mbili. Moja ilikuwa imechakaa, imekuwa ya kijivu. Nyingine ilikuwa nyeusi, inang'aa, haijaguswa na sindano. Akanipa ile mpya. Nikamwambia nitachukua iliyochakaa, inanitosha.

"Hiyo huipati," akasema. "Hiyo nimeipiga mpaka tarumbeta imefifia, sasa ngoma ndiyo inayosikika. Ndiyo ninayoipenda. Chukua hii, lakini kwa sharti. Kabla ya kuipiga utasimama, utasema mbele ya watu: ngoma ni Shemdoe wa Vugiri, na ile haa ni yake."

Nikaahidi. Ngoma niliahidi kwa moyo. Ile haa niliahidi kwa mdomo tu, maana nilikuwa nakiona kidole cha Bi Zaina kimeinuka hewani.

Kurudi

Mke wa Shemdoe aliifunga sahani kwa kanga kuukuu na majani makavu ya mgomba, akailaza katikati ya sinia, akafunga juu kwa kamba. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nililipenda lile sinia. Nililibeba mbele yangu kwa mikono miwili, mteremko mzima, kama mtu anayepeleka uji kwa mzazi.

Kwenye lori la kutoka Korogwe, Mhina alinipa nafasi nyuma. Watu walibanana. Mwanamke mmoja mwenye kuku akataka kumweka juu ya sinia.

"Hapana, dada, tafadhali," nikasema, nikilikumbatia. "Humu kuna mtu."

Lori zima likanigeukia.

"Mtu gani?" akauliza polepole.

Nami kwa uchovu nikajibu kweli tupu: "Alifia Nairobi. Nampeleka kwa mama yake."

Mngeona. Hata kuku alisogea. Kutoka hapo hadi Handeni nilipata nafasi ya kunyoosha miguu, na kila lori liliporuka shimo mzee mmoja aliyekaa mkabala nami alisoma dua. Nilitaka kueleza, wallahi, lakini nafasi ile ilikuwa tamu. Naye Mhina, alipoambiwa na taniboi kwamba tumebeba maiti kwenye sinia, aliendesha kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwake kabla wala baadaye.

Ijumaa

Nilifika Ijumaa yenyewe, watu wakitoka msikitini. Mke wangu alikuwa amekwisha kumwambia Bi Zaina kila kitu. Alisema hakuweza kukaa na uongo nyumbani pamoja na wageni. Bi Zaina alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, na pembeni yake mama yake, mdogo kama mtoto, fimbo mapajani, macho meupe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempika mwanangu?"

"Ndimi, mama."

"Haya. Tusikie kama ameiva."

Nikafungua kamba, nikafunua majani. Sahani ilikuwa nzima. Nikaiweka kwenye gramafoni. Nikasimama, nikasema, "Ngoma ni Shemdoe wa Vugiri," kisha nikakohoa, nikatia sindano.

Kwanza gitaa, kisha ngoma. Kisha Athumani, kutoka mlangoni kwake kule, amegeukia nje. Yule mama hakutikisika. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayengoja jina lake liitwe. Tarumbeta ikapanda, ikapanda, ikafika pale.

"Haa!"

Kidole cha Bi Zaina kikaruka. "Umemsikia, mama? Kaka huyo!"

"Nani?" mama yake akasema. "Acha upuuzi. Athumani amejaza mdomo, atasemaje haa? Huyo ni mtu mwingine, amefurahi. Athumani ni huyu anayepuliza. Kelele, kelele tangu mtoto." Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika. "Mwambieni arudie."

Nikarudia. Tukarudia mpaka mkono wangu ukachoka kuzungusha mpini wa gramafoni. Na mara ya mwisho, tulipofika pale juu, aliyesema "Haa!" kabla ya Shemdoe alikuwa Bi Zaina mwenyewe.

Mke wangu akaleta wali, na hakuwa na chombo kingine cha kutosha wote, akaupakua kwenye sinia. Tukala. Mama yake Bi Zaina akasema hajapata kula mahali penye kelele nzuri vile. Nikajiona nimesamehewa, nikanyoosha miguu, nikaanza hata kuwasimulia jinsi mlima wa Vugiri nilivyoupanda bila kupumzika.

Bi Zaina akanawa mikono. Akaitoa sahani kwenye gramafoni, akaifunga kwenye kanga ile ile, akaipakata. Akasimama na mkeka wake kwapani, akanitazama juu mpaka chini, akasema:

"Jirani, kuanzia leo kaka yangu atalala kwangu, wewe baki na sinia, hilo hata ukilipika halivunjiki."